TANZIA: Börje Salming, beki namba 21 wa Toronto Maple Leafs, ametutoka

Kipenga cha Mwisho (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu kwa huzuni. Jana, tarehe 24 Novemba 2022, Börje Salming alifariki dunia huko kwao Uswidi akiwa na umri wa miaka 71. Kwa wasioufuatilia mchezo huu, Salming alikuwa beki wa hoki ya barafuni aliyeichezea Toronto Maple Leafs kwa misimu 16, kuanzia 1973 hadi 1989, akacheza msimu mmoja Detroit Red Wings, kisha akarudi nyumbani kumalizia na AIK ya Stockholm. Waswidi hulitamka jina lake karibu na “Borye”, na ninaliandika hivyo hapa kwa sababu nimesikia likitamkwa kwa namna nyingi za kusikitisha tangu jana asubuhi.

Wasifu wake mtausoma kwingine. Mimi nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo moja ambalo halijaniondoka akilini kwa wiki mbili sasa, nalo ni kwamba mtu huyu aliagwa akingali hai. Kwetu sifa huandaliwa mtu akishalala kwenye jeneza: risala inasomwa, wazee wanatikisa vichwa, na mwenye sifa zake ndiye pekee asiyezisikia. Salming alizisikia. Agosti mwaka huu klabu ilitangaza kwamba ana ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Kufikia Novemba hakuweza tena kusema, lakini alipanda ndege pamoja na familia yake akavuka bahari hadi Toronto. Ijumaa ya tarehe 11, kabla ya mchezo dhidi ya Pittsburgh, alisimama barafuni akiwa na Darryl Sittler na Mats Sundin, Mswidi mwenzake aliyewahi pia kuwa nahodha wa Toronto, na ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi yasiyotaka kukoma. Mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu, kwa hiyo Sittler, nahodha wake wa zamani, alimsaidia kuinua mkono ili awapungie watu, huku Sittler mwenyewe akilia bila kujificha. Kesho yake, katika mchezo dhidi ya Vancouver, alirudi kwa ajili ya kudondoshwa kwa kisahani cha ufunguzi (kisahani ndicho kinachogombewa katika hoki badala ya mpira wa duara), na kikosi kilichoanza siku hiyo kilikuwa cha Waswidi watupu kwa heshima yake.

Siku 12 baadaye akafa.

Karibuni tumkumbuke. Naomba tu tusiugeuze uzi huu kuwa wa kubishana juu ya Maple Leafs ya sasa.

Mtoto wa Kampala

Mkuu Kipenga, asante kwa kuufungua, maana tangu jana nilikuwa nikitafuta mahali pa kuyasema haya kwa lugha ambayo baba yangu angeielewa.

Sisi ni Wahindi wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alitupa siku 90 tuondoke, na familia yetu ikaangukia Toronto mwanzoni mwa majira ya baridi, tukiwa na masanduku machache na makoti ya msaada. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani tulizungumza Kigujarati na mama, na Kiswahili na baba kila alipokuwa na hasira au furaha, kwa sababu alisema Kigujarati hakina nafasi ya kutosha kwa mambo hayo mawili. Mwenye nyumba wetu alikuwa mtu mzima aliyeishi peke yake ghorofa ya chini, na kila Jumamosi usiku alituita tukatazame hoki kwenye televisheni yake. Hatukuelewa chochote. Baba aliuona kama ugomvi wa watu waliovaa visu miguuni.

Salming alikuja mwaka mmoja baada yetu. Alicheza mchezo wake wa kwanza tarehe 10 Oktoba 1973 dhidi ya Buffalo, Toronto ikashinda, na siku chache baadaye timu ikaenda Philadelphia, ambako ndiko alikokaribishwa rasmi kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Timu ya Philadelphia ya wakati ule ilikuwa ikishinda kwa kipigo kama ilivyoshinda kwa mabao, na ilichukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi hiyo, mara mbili mfululizo, 1974 na 1975. Wachezaji wa Ulaya walihesabiwa kuwa vifaranga. Walichomwa kwa fimbo, wakasukumwa ukutani kwa mgongo, wakatukanwa kwa jina la nchi yao, na wengi waliamini kwamba Mswidi akipigwa vizuri mara moja hataingia tena kwenye kona za uwanja. Huyu aliingia. Kila mara aliingia, akatoka na kisahani, na wakati mwingine akatoka na damu.

Mwenye nyumba alimweleza baba kwamba kijana huyu ametoka mbali na kwamba wanampiga ili arudi kwao. Baba aliuliza swali moja tu, kwa Kiingereza chake cha dukani: je, ameondoka? Akaambiwa hapana. Tangu usiku huo baba hakukosa Jumamosi hata moja, na hakuwahi kumwita Salming kwa jina lake. Alimwita Mgeni. “Leo Mgeni anacheza?” Ndivyo tulivyolijua neno hilo nyumbani kwetu kwa miaka 16.

Fundi Gongo

Mtoto wa Kampala ameeleza moyo wa mtu huyu, mimi niruhusuni nieleze kazi yake, kwa sababu vijana wanaotazama vipande vya video vya sekunde 30 wanaweza kudhani alipendwa kwa kuvumilia tu.

Beki wa hoki ana kazi mbili zinazopingana. Anatakiwa akae nyuma amlinde kipa, na anatakiwa awe wa kwanza kukitoa kisahani eneo la hatari na kukifikisha mbele. Mabeki wengi wa enzi ile walichagua kazi ya kwanza na kuiacha ya pili kwa wengine. Salming alizifanya zote mbili katika pumzi moja: alikuwa akijilaza barafuni mbele ya shuti, kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa takribani gramu 170 kikampiga kwenye mbavu au mguu, akainuka nacho, na kabla adui hajageuka alikuwa ameshavuka mstari wa kati akitafuta wa kumpa. Ndiyo maana kwa Toronto pekee alitoa pasi za mabao 620 katika michezo 1,099, na hadi leo ninapoandika hakuna mchezaji mwingine wa klabu hiyo, awe beki au mshambuliaji, aliyetoa nyingi zaidi. Mabao yake ni 148 kwa Toronto na 150 kwa jumla katika ligi ya NHL.

Kuna hesabu nyingine ambayo mimi naithamini kuliko hizo. Ligi huhesabu tofauti ya mabao ambayo timu inafunga na inayofungwa mchezaji akiwa uwanjani, ukiacha yale yanayofungwa na timu yenye watu wengi zaidi uwanjani kwa sababu ya adhabu. Salming alimaliza maisha yake ya NHL akiwa na ziada ya 175. Miaka ya 1980 Maple Leafs ilikuwa timu mbovu, tena mbovu kwa namna ya kukera, kwa hiyo beki anayecheza nusu ya kila mchezo ndani ya timu kama hiyo na bado akabaki upande wa ziada ni mtu aliyekuwa akiziba matundu ambayo hayakuwa yake.

Aliteuliwa kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi mwaka 1977, na kikosi cha pili mara tano. Tuzo ya beki bora aliikosa kidogo mara mbili, 1977 na 1980, na mara zote mbili aliichukua Larry Robinson wa Montreal, ambaye alikuwa na timu nzuri zaidi nyuma yake na mbele yake.

Jicho Kavu

Ndugu zangu, sitaki kuonekana mkorofi msibani, lakini naomba kuuliza kwa heshima. Mtu aliyecheza misimu 17 ya NHL bila kugusa Kombe la Stanley hata mara moja, tunamlilia kwa kipimo gani? Nicklas Lidström naye ni beki, naye ni Mswidi, na amechukua vikombe vinne na tuzo ya beki bora mara saba. Mbona huyo hatumfanyii hivi?

Fundi Gongo

Lidström yu hai, kaka, ndiyo sababu hatumfanyii tanzia.

Ama kuhusu kipimo, Lidström alipoingia ligi mwaka 1991 alikuta mlango uko wazi, viti vimepangwa na chai imemiminwa. Aliyeuvunja mlango huo aliingia mwaka 1973. Salming hakuwa Mswidi wa kwanza kukanyaga ligi ile, lakini ndiye wa kwanza aliyeifanya ione kwamba Mswidi anaweza kuwa miongoni mwa wachezaji wake bora kabisa, na Januari 1988 akawa mchezaji wa kwanza aliyekulia hoki ya Ulaya kufikisha michezo 1,000. Mwaka 1996 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Hoki, Mswidi wa kwanza kupata heshima hiyo. Angalia pia jinsi mambo yalivyokutana mwezi huu: wikiendi ileile aliyoagwa Toronto, walioingizwa kwenye Ukumbi huo walikuwa pamoja na Waswidi watatu, pacha Daniel na Henrik Sedin na Daniel Alfredsson.

Kombe halikuja kwa sababu mwenye klabu, Harold Ballard, aliivuruga timu kila ilipokaribia kuwa nzuri. Huyu ndiye aliyesema hadharani kwamba Inge Hammarström, Mswidi aliyekuja pamoja na Salming, angeweza kuingia kwenye kona za uwanja na mayai mfukoni yasivunjike. Alimsema hivyo mchezaji wake mwenyewe! Robo fainali ya 1978 dhidi ya New York Islanders, Salming aliumizwa jicho kwa fimbo katikati ya mfululizo akashindwa kuendelea. Wenzake wakashinda mchezo wa saba katika muda wa nyongeza kwa bao la Lanny McDonald, kisha wakatolewa na Montreal akiwa nje. Timu ile ilistahili kuongezewa watu wawili watatu. Badala yake ilibomolewa.

Mwanga wa Kaskazini

Habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi Uswidi mwaka wa tisa sasa, na miaka minne ya mwanzo niliishi Kiruna, mji aliokulia marehemu. Naomba niwape picha ya mahali penyewe, maana nimeona magazeti ya Kanada yakiandika “kijiji cha kaskazini” na kupita.

Kiruna iko juu ya mstari wa Aktiki. Mwezi Desemba jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Unapata mwanga wa buluu saa chache za mchana, basi. Mji wote umejengwa kwa sababu ya mgodi wa chuma, na kila familia ya zamani ina mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi. Baba yake Salming alikuwa Msami, yaani wa watu wa asili wa kaskazini ambao kazi yao ya kale ni kufuga paa wa baridi, na alifia kwenye ajali ya mgodini Börje akiwa na miaka mitano tu. Jina lao la ukoo linatokana na Salmi, makazi madogo karibu na ziwa Torneträsk. Kwa Wasami hili si jambo dogo, kwa sababu kwa miaka mingi mtoto wa Kisami alifundishwa kuona haya asili yake.

Aliyemlea kimchezo ni kaka yake, Stig, ambaye naye alikuwa beki. Stig alitangulia Gävle kuichezea Brynäs, mdogo wake akamfuata, na Brynäs ikachukua ubingwa wa Uswidi mwaka 1971 na 1972. Huko ndiko Toronto ilikompata, na ilimpata kwa bahati. Msaka vipaji wao, Gerry McNamara, alikuwa amekuja Uswidi kumtazama kipa. Akaenda kuangalia mchezo wa Brynäs dhidi ya timu iliyozuru kutoka Kanada, akamwona Hammarström akifunga, na akamwona Salming akitolewa nje kwa hasira zake dhidi ya mwamuzi. Inasimuliwa kwamba McNamara alimfuata hadi chumba cha kubadilishia nguo, akampa kadi yake na kumuuliza kama angependa kucheza Toronto. Msaka vipaji mwingine angeandika kwenye daftari lake kwamba kijana hana nidhamu. Huyu aliona kwamba kuna Mswidi asiyekubali kuonewa.

Niliofanya nao kazi Kiruna walikuwa na jambo moja la kuchekesha kidogo: vijana wengi walilijua jina Salming kwanza kama chapa ya chupi na viatu vya michezo, kwa sababu alianzisha biashara hiyo baada ya kustaafu, ndipo wakaambiwa na babu zao kwamba mtu huyo aliwahi pia kucheza hoki.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi na nimewahudumia wagonjwa wawili wa ALS, kwa hiyo niongeze machache. Ugonjwa huu hunyang'anya misuli mmoja mmoja: mkono, mguu, ulimi, koo, na mwishoni misuli ya kupumua. Wengi huishi kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili zianze. Wengine huenda haraka sana, kama huyu. Hauna tiba, dawa zilizopo huupunguza mwendo kidogo tu. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba mara nyingi akili na hisia hubaki salama kabisa. Mgonjwa anasikia, anaelewa, anatambua sura, ila hawezi kujibu.

Kwa hiyo mnapoiona ile picha ya tarehe 11 na uso wake ukitetemeka, msidhani kwamba hakujua yuko wapi.

Jicho Kavu

Nashukuru, Fundi, na wewe dada Zamu. Nimekwenda kuutazama usiku ule wote, sikuwa nimeutazama kabla ya kuuliza. Nafuta swali langu la vikombe.

Nina moja lingine, na nalileta kwa sababu marehemu hasifiwi kwa kufichiwa. Ni kweli alifungiwa kwa dawa za kulevya?

Kipenga cha Mwisho (mleta uzi)

Ni kweli, na halihitaji kunong'onwa. Mwaka 1986 alikiri mwenyewe kwenye mahojiano na gazeti kwamba aliwahi kujaribu kokeini miaka ya nyuma. Ligi ilimfungia msimu mzima, baadaye ikapunguza adhabu hadi michezo minane. Aliitumikia, akarudi uwanjani.

Na ni msimu huohuo, tarehe 26 Novemba 1986, ndipo alipoanguka mbele ya lango lake katika mchezo dhidi ya Detroit, na kiatu cha Gerard Gallant kikamkanyaga usoni bila kukusudia. Chuma kilipasua kuanzia juu ya jicho kushuka hadi karibu na mdomo, na madaktari walimshona nyuzi zaidi ya 200. Picha ya uso ule ilizunguka dunia nzima, na kusema kweli siipendi, kwa sababu imekuwa ndiyo picha pekee ambayo watu wengi wanayo juu yake. Kovu lilimbaki maisha yote. Kesho itatimia miaka 36 tangu siku hiyo.

Binti Makofi

Mimi naomba picha nyingine ibaki badala ya hiyo. Aprili 1976, michezo ya mtoano dhidi ya Philadelphia. Katika mchezo wa tatu pale Toronto, Mel Bridgman alimpiga Salming ngumi mfululizo hadi serikali ya jimbo la Ontario ikamfungulia Bridgman mashtaka. Mchezo wa nne ukachezwa kwenye uwanja uleule, na watu walikuja wakiwa wamenuna, hawajui kama Salming atakuwa yuleyule. Akapokea pasi ndefu ya Sittler akiwa anakimbia, akabaki yeye na kipa Bernie Parent, akakipandisha kisahani juu mbele yake kama anayetundika koti. Mjomba wangu, aliyekuwa mwanafunzi Toronto, alisimulia bao hilo kila Krismasi hadi sisi watoto tukawa tunamalizia sentensi zake. Alisema makofi yaliyofuata hayakuwa ya kushangilia bao. Yalikuwa ya kumwomba radhi mtu.

Mtoto wa Kampala

Binti Makofi, umenigusa mahali penyewe, kwa sababu Septemba ya mwaka huohuo ndiyo iliyomteka kabisa moyo baba yangu.

Yalikuwa mashindano ya Kombe la Kanada, na Salming alirudi kwenye uwanja wa Maple Leaf Gardens akiwa na jezi ya Uswidi, yaani ya wapinzani. Lilipotajwa jina lake katika utambulisho, watu wa Toronto walisimama wote na kumpigia makofi marefu mno, mchezaji wa timu nyingine, kwenye nyumba yao wenyewe, mbele ya bendera isiyo yao. Yeye mwenyewe alionekana hajui aitazame barafu au awatazame watu. Sisi tulikuwa ghorofa ya chini kwa mwenye nyumba, mbele ya televisheni ileile. Baba, ambaye miaka minne nyuma alikuwa na duka la vitambaa barabara ya Kampala na sasa alikuwa akipakia maboksi kwenye ghala usiku, aliinuka kwenye kiti. Hakupiga makofi. Alisimama tu, mikono imeshikana nyuma, kama wanavyosimama watu wazima wimbo wa taifa unapopigwa.

Mwanga wa Kaskazini

Mzee wangu, baba aliwahi kumwona ana kwa ana?

Mtoto wa Kampala

Mara moja, msimu wa 1988, mwaka mmoja kabla Salming hajaenda Detroit. Nilikuwa nimeanza kazi, nikanunua tiketi mbili za juu kabisa, zile ambazo wachezaji wanaonekana wadogo kama siafu. Baba alivaa suti. Toronto ilifungwa vibaya na watu wakaanza kutoka dakika kumi kabla ya mwisho, nami nikamwambia tuondoke tuwahi treni. Alinijibu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyowageuza watu wa safu mbili mbele yetu: “Mgeni bado yuko uwanjani, wewe unakwenda wapi?”

Tukakaa mpaka taa zikawashwa.